Miguu Yenye Mzazi Mmoja

Karakana ya miguu ya bandia ilikuwa vyumba viwili vilivyopakana na nyumba ya mwenyewe. Cha mbele kilikuwa na benchi refu na mabomba mawili ya kujishikilia mtu anapojifunza kutembea. Cha nyuma ndicho cha kazi, na vumbi la plasta lilikuwa limetapakaa humo mpaka buibui walikuwa weupe. Mwenye karakana alikuwa mwanamke mwenye viganja vipana, aliyekuwa akiishi na binti yake mmoja. Watu walimwita Mama Miguu, naye aliitika.

Binti wa shemeji yake alisomea kompyuta, na ndiye aliyemletea mashine ya kuchonga miguu. Asubuhi hiyo alikuja na flashi ndogo kwenye mkufu wa funguo.

"Mama mkubwa, mashine tunayo, ila haina lugha. Nimekuletea lugha ya kuongea nayo. Ni ndogo, hata mtu mmoja anaimaliza kichwani."

Akaichomeka flashi, akanakili faili, akalifungua. Kioo kikawa cheusi, na kijistari cheupe kikaanza kupepesa pembeni, kama mtu anayengoja aulizwe.

"Imekwisha?"

"Imekwisha."

"Mbona hata chai yako haijapoa?"

Msichana akacheka. "Si nilikwambia ni ndogo? Sasa sikiliza. Lugha nyingine zinataka kwanza uchore ramani ya mguu, ndipo upate mguu. Hii haina ramani. Unaipa mguu mmoja, huo ndio mzazi. Mguu wa mteja unakuwa nakala yake, na unaandika pale tu unapotofautiana naye: urefu, unene wa kigutu, basi. Ukiuuliza mguu jambo ambalo haukuandikiwa, unakwenda kumuuliza mzazi wake. Mzazi naye asipojua, unajibiwa sijui."

"Kama mtoto aliyeulizwa na mgeni."

"Hivyo hivyo. Ukibadilisha jambo kwa mzazi, watoto wote wanabadilika kwa mpigo, isipokuwa aliyeandikiwa lake. Haya, nipe mguu wa kawaida tu, usio wa mtu, tuanzie hapo."

Mguu usio wa mtu Mama Miguu hakuwa nao. Akafikiri kidogo, akapanda kigoda, na juu ya kabati akateremsha kalibu ya plasta iliyofungwa katika shuka safi. Ilikuwa ya mguu wa mumewe.

Mumewe alikuwa mvunja mawe, na jiwe ndilo lililomla mguu. Kwa ajili yake mkewe alijifundisha ufundi, na mguu ule wa kwanza kutoka mikononi mwake ulikuwa mzuri kuliko yote iliyofuata. Baadaye machimbo yalifungwa, shimo likajaa maji, lakini mzee hakuacha kwenda kukaa ukingoni. Alasiri moja alitoka na mguu wake huo, hakurudi. Wazamiaji walizama, wakatoka mikono mitupu.

"Una hakika, mama mkubwa?" msichana aliuliza taratibu.

"Hakuna aliyetembea kama yeye. Anza naye."

Msichana akaipima kalibu, akauingiza mguu ule kwenye kompyuta uwe mzazi, na kazi ikanyooka. Miguu ilitoka kwenye mashine laini, myepesi, inayomkaa mtu kama alizaliwa nayo. Hata binti wa Mama Miguu, aliyekatwa mguu baada ya ajali ya barabarani na kukataa kila mguu aliotengenezewa, huu aliukubali. Alitembea hadi mlangoni akarudi, akicheka huku machozi yanamtoka.

Wa kwanza kulalamika alikuwa kinyozi wa mtaa wa pili, na kwake hata malalamiko yalikuwa mzaha.

"Fundi, sema kweli. Huu mguu ulikuwa na mchumba kabla yangu? Mimi njia panda nakwenda kulia, dukani kwangu. Wenyewe unataka kushoto, bondeni."

"Utakuwa unamjua vizuri huyo mchumba," Mama Miguu akamtania, wakacheka wote.

Kisha akaja mwalimu wa hesabu, mtu asiye na utani hata kidogo. Viatu vyake vilikuwa vimelowa.

"Nimetoka machimboni," alisema. "Na sikuwa na shughuli yoyote ya kunipeleka huko."

Hapo Mama Miguu hakucheka. Alimwita msichana, naye akaketi mbele ya kioo.

"Lakini mguu ukishachongwa ni plastiki tu, mama mkubwa. Kompyuta haiugusi tena. Tazama, nauuliza huu wa kinyozi unakwenda wapi. Utasema sijui, maana hakuna aliyeandika jambo hilo."

Kioo kikajibu: machimboni.

"Umeandika wewe?"

"Naapa sijaandika. Mimi niliandika vipimo tu."

Akauuliza wa mwalimu. Machimboni. Akaufungua ule wa kwanza, wa mzee mwenyewe, akauliza vilevile. Kijistari kikapepesa, kikapepesa, kama mtu anayevuta pumzi. Kisha: machimboni.

Simu ikalia. Alikuwa binti wa Mama Miguu.

"Mama, nilikuwa natoka sokoni. Sasa niko njia ya machimbo, na sikutaka kuja huku. Nauzuia mguu, unanivuta."

"Uvue! Fungua mkanda!"

"Haufunguki. Watu hakuna. Mama, nayaona maji."

Msichana alikuwa amesikia. Akaweka vidole juu ya kibodi. "Nimfute baba mkubwa?"

"Ukimfuta?"

"Miguu yote itakosa wa kumuuliza. Labda wa dada utamwangusha pale pale ukingoni. Ngoja niutafute huo wake, niuandikie lake..."

"Hakuna muda wa kutafuta! Si huyo mzee yuko wazi hapo mbele yako? Mwandikie yeye. Andika nyumbani."

Msichana akaandika. Kwenye simu kulikuwa na kishindo cha maji, kisha kimya, kisha pumzi.

"Umegeuka," binti alisema kwa sauti ndogo. "Mama, umegeuka wenyewe."

Alifika akiwa amelowa hadi kiunoni. Mama yake alimvika kanga kavu, akamkalisha, akamshika uso kwa viganja vyote viwili. Walipokuwa hivyo geti likagongwa. Mwalimu aliingia na chaki mkononi.

"Samahani. Nimeacha wanafunzi katikati ya hesabu."

Nyuma yake kinyozi. "Mimi nimeacha mtu nusu kichwa. Atanishtaki."

Wakaja na wengine, wenye mifuko ya sokoni, wenye nguo za kazi, kila mmoja akiona aibu. Benchi likajaa.

"Ni lile neno," msichana alinong'ona. "Tumewaambia wote nyumbani, na nyumbani kwa baba mkubwa ni hapa."

Akaanza kuwatafuta mmoja mmoja, wa dada yake kwanza. Kila mguu akauandikia jibu lake wenyewe: atakako mwenyewe. Kila alipomaliza mmoja, mtu mmoja aliinuka kwenye benchi, akaaga, akaenda zake. Mwisho chumba kikabaki na wao watatu.

"Bado baba mkubwa," msichana alisema. "Namfutia lile neno."

Mama Miguu akaweka kiganja chake juu ya kibodi.

"Huyo mwache."

"Mama." Binti alikuwa ameng'ang'ania kanga kifuani. "Sikukwambia yote. Nilipogeuka pale, kuna kitu majini nacho kiligeuka."

Mama yake akaenda kulifungua geti wazi, akarudi akivuta kiti kimoja kutoka kwenye kona.

"Basi tandika gunia hapo mlangoni, mwanangu," alisema. "Atakuwa amelowa."