Mdhamini Kutoka Ayalandi

Katika baraza la wafugaji wa Ijara, anayemtuhumu mgeni mbele ya watu na asiweze kuithibitisha tuhuma yake hulipa mtamba mmoja wa ng'ombe kabla ya sala ya alasiri ya siku ile ile. Hulipa awe tajiri au fukara. Hata mgeni akisamehe, hulipa vilevile, kwa kuwa aliyevunjiwa heshima si mgeni peke yake bali ni baraza zima lililomkaribisha. Hakuna mtoto wa Ijara asiyeijua sheria hiyo, na Ruweyda aliijua kabla hajajua kusoma.

Kwa hiyo ami yake, Mzee Diriye, alipompigia simu kutoka Ijara, alimsikiliza kwa hadhari. Diriye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya malisho, na jambo alilokuwa nalo halikuwa dogo. Shirika moja la wageni lilitaka kupewa bonde la Warjiro kwa miaka thelathini. Lingelizungushia ua, lingepanda miti, na hewa chafu ambayo miti hiyo ingeimeza lingeiandikia hati na kuviuzia viwanda vya ng'ambo hati hizo. Wafugaji wangejengewa visima viwili na zahanati. Lakini Warjiro ndiko ng'ombe wa Ijara wanakokimbilia mvua zinapokosekana misimu miwili mfululizo, na asiye na Warjiro mwaka wa ukame hana ng'ombe mwaka unaofuata.

Shirika lilikuwa limeahidi kwamba ukame ukija lango litafunguliwa. Wazee walijibu, kama walivyojibu siku zote, kwamba ahadi haisimami bila mdhamini. Mtu mwenye jina, ambaye akivunja neno atakuwa amejivunjia heshima yake mwenyewe. Shirika likamtaja mlezi wake, mbunge wa Ayalandi aitwaye Tiernan Devanny. Angefika Ijara baada ya siku kumi, aseme neno lake, mkataba utiwe sahihi.

Sasa, mdhamini haulizwi yeye mwenyewe kama ni mwaminifu. Huuliziwa kisimani kwake. Desturi ni kuwatuma watu wawili hadi kule anakonyweshea mifugo yake, wakae na majirani zake, wanywe chai, wasikilize anavyosemwa. Mtu huweza kuwadanganya wageni akiwa safarini. Kwao hana pa kujificha. Tatizo la Diriye lilikuwa kwamba kisima cha mdhamini huyu kilikuwa ng'ambo ya bahari mbili.

"Wewe kazi yako ni kuandika maneno ya wakubwa," alimwambia Ruweyda. "Mtafute katika maneno yake."

Ruweyda alikuwa mhariri wa kumbukumbu za mijadala ya bunge la kaunti mjini Garissa. Kwa miaka tisa alikuwa amevaa visikilizio masikioni na kugeuza hotuba kuwa maandishi, na kazi hiyo ilikuwa imemfundisha kushuku. Alijua kwamba msemaji hupaza sauti zaidi pale anapojua kwamba hoja yake itashindwa. Alijua kwamba anayemsifu waziri mno ana jambo analolisubiri. Juu ya yote, alijua kwamba ukitaka kumfahamu mtu usitazame alichosema tu. Tazama ni lini alinyamaza.

Kumbukumbu za Bunge la Ayalandi ziko wazi kwa kila mtu mwenye mtandao. Ruweyda akachukua likizo ya siku tano na kuanza kusoma michango ya Mheshimiwa Devanny tangu siku aliyoapishwa, miaka kumi na mbili nyuma.

Alitarajia kukuta mtu wa maneno makubwa. Badala yake alikuta daraja. Mbunge yule alikuwa amelisemea daraja moja jembamba la kijijini kwao, ambalo magari mawili hayapishani, kila mwaka bila kukosa, mpaka lilipopanuliwa. Alikuta posta ya kijiji chenye watu mia nne iliyokuwa ifungwe. Alikuta gari la wagonjwa lililochelewa na mama mjamzito akajifungulia barabarani. Palipokuwa na hoja za taifa zima, kama makazi, vitanda vya hospitali na bajeti, alichangia kwa ufupi, na mara nyingi alimalizia kwa kumrudisha waziri kule kule darajani. Wenzake walimcheka kwa hilo, na vicheko vyao vilikuwa vimeandikwa.

Ruweyda hakumwamini. Mtu wa namna hii, aliwaza, ndiye anayenunuliwa kwa bei kubwa, kwa kuwa watu humwamini.

Siku ya tatu akakipata alichokuwa akikitafuta. Kwao Devanny kuna vinamasi ambavyo watu huchimba udongo mweusi, huukata mfano wa matofali, huuanika, kisha huuchoma badala ya kuni. Serikali yao ilipotaka kuvifunga baadhi ya vinamasi hivyo kwa ajili ya kuilinda hewa ya dunia, Devanny alisimama akasema maneno makali kuliko yote aliyowahi kusema. Ruweyda aliyasoma mara tatu, akayanakili kwa mkono wake.

Siku ya nne akakipata kingine. Mwaka uliopita, mbunge huyu asiyekosa kusema alikuwa amenyamaza miezi saba mizima. Hakuuliza hata swali moja. Na katika miezi hiyo hiyo ndipo jina lake lilipoanza kuonekana kwenye karatasi za shirika kama mlezi.

Alifunga kompyuta. Hakuhitaji siku ya tano.

Baraza lilikutana katika banda la mabati la soko la mifugo. Wanaume walikaa upande mmoja, wanawake upande wa pili. Mbele ya wanawake aliketi Ayeeyo Maka, bibi kizee ambaye alikuwa amewazika ng'ombe wengi kuliko yeyote pale na ambaye hakuna mwenyekiti aliyewahi kumnyamazisha. Alitaka kujua kama Ayalandi kuna ukame. Ruweyda alimwambia kwamba kule mvua hainyeshi kwa msimu, inaishi huko huko, na watu hulalamika bungeni kwamba imezidi.

"Basi huyo atamdhamini bata," alisema Maka. "Ng'ombe wangu atamjulia wapi?"

Mgeni aliingia pamoja na Abdijabar, afisa wa shirika, mtu wa makamo mwenye ulimi laini, aliyekuwa mkalimani wake. Devanny alikuwa mrefu, mwenye nywele za mvi, na alisalimia kwa kuinamisha kichwa bila kumpa mtu yeyote mkono. Hilo likanong'onwa. Alipoletewa chai, aliipokea kwa mkono wa kushoto na kuinywa kwa mkono huo huo, na ule wa kulia ukabaki mapajani kana kwamba hauhusiki. Hilo halikunong'onwa tena, lilisemwa. Hata mtoto anajua kwamba chakula na kikombe havipokelewi kwa kushoto. Abdijabar alitabasamu na kujifanya hakusikia.

Ruweyda alimtazama na kuona mengine. Mgeni alizungumza polepole mno. Kila sentensi ilikatika katikati, akasita, akachagua neno, akaendelea. Huyu si yule aliyekuwa akimkaripia waziri kuhusu daraja. Ruweyda alikuwa ameshasikia kanda nyingi za watu wanaopima kila neno wasije wakanaswa nalo, na sauti zao zilikuwa hivi hivi.

Diriye alipomwita, alisimama na karatasi yake. Aliwaambia kwanza yaliyo mema, kwa kuwa shahidi hafichi: daraja, posta, gari la wagonjwa. Kisha akasoma maneno ya vinamasi, kwa Kisomali ili baraza lielewe, na kwa Kiingereza ili mwenyewe asikie.

"'Mtu aliyeketi mjini hana haki ya kumwambia mkulima kwamba ardhi ya babu yake leo imekuwa mapafu ya dunia, kisha akafunga lango na kuondoka na ufunguo.' Hayo aliyasema kwao, akiwatetea watu wa kwao. Kwetu amekuja kufunga lango."

Banda lilivuma. Angeketi hapo, kazi yake ingekuwa imekamilika. Lakini alikuwa amebeba ile miezi saba kifuani tangu Garissa, na hakuona sababu ya kurudi nayo.

"Baada ya hapo alinyamaza miezi saba," alisema. "Aliponyanyua kichwa, alikuwa mlezi wa shirika hili. Nasema amenunuliwa."

Abdijabar alipoanza kutafsiri, Ruweyda alisikia neno lile likilainishwa kuwa "ameshawishiwa." Akalirudia mwenyewe kwa Kiingereza, jinsi lilivyo. Uso wa mgeni ukawiva.

Mzee Diriye alikuwa ameweka bakora yake chini. "Ruweyda, hilo la mwisho umelisema kwa ushahidi au kwa dhana?"

Alielewa vyema kwamba ami yake alikuwa akimfungulia mlango wa kutokea. "Kwa ushahidi wa ukimya wake," akajibu.

Mgeni alifungua kinywa. Neno halikutoka. Akajaribu tena, midomo ikapinda upande, na watu wakaanza kuguna wakidhani anatafuta uongo. Ndipo Ayeeyo Maka aliponyanyuka, akavuka katikati ya banda bila kumwomba mtu ruhusa, na kusimama mbele yake. Aliutazama mkono uliolala mapajani. Akauinua kwa kidole kimoja, akauachia. Ukaanguka kama kamba.

"Mnamgunia nani?" aliwageukia. "Mkono wake wa kulia umekufa. Mume wangu alikaa hivi hivi miaka minne, na ulimi wake mlikuwa mkiusubiri kwa adabu. Mwacheni atafute maneno yake."

Alipoulizwa na Diriye, mgeni alieleza kwa vipande vipande, na safari hii Ruweyda ndiye aliyetafsiri, kwa kuwa hakuna aliyemwomba Abdijabar. Alikuwa amepigwa na kiharusi asubuhi moja akiwa njiani kwenda bungeni. Upande wa kulia ulipooza, na maneno yote yakamtoka, hata jina la mkewe. Miezi saba alifundishwa kusema upya kama mtoto. Watu wa shirika walimtembelea hospitalini wakamsomea karatasi kuhusu miti na visima vya Afrika. Akaona ni jambo jema, na akaweka alama kwa mkono wa kushoto. Hakulipwa chochote.

Ruweyda aliyatafsiri maneno hayo yote bila kuruka hata moja, ingawa kila moja lilimhukumu. Alikuwa ameusoma ukimya wa mgonjwa kama ukimya wa mlarushwa. Katika miaka tisa ya kazi hakuwahi kujiuliza kama mtu anaweza kunyamaza kwa sababu hawezi kusema.

"Na yale ya vinamasi?" Diriye aliuliza.

"Ni yangu," alisema mgeni. Akapumzika. "Nikiyakana hapa, sitaweza kurudi kwetu nayo."

Kisha akaomba mkataba wenyewe. Abdijabar alisema kwamba ni mrefu na wa kisheria, na kwamba muhtasari wa Kiswahili ulikwisha kugawiwa. Mgeni alinyoosha mkono wake mzima na kungoja. Ulikuwa mkono wa mtu aliyezoea kusubiri majibu ya mawaziri. Karatasi zikatolewa mkobani. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mistari, na hakuna aliyemharakisha. Chai ilipoa, mabati yakalia kwa joto. Katika ukurasa wa kumi na tisa kidole kilisimama. Alimpa Ruweyda asome kwa sauti. Iliandikwa kwamba lango litafunguliwa wakati wa ukame endapo shirika, kwa hiari yake, litaona inafaa.

"Ufunguo," alisema mgeni.

Baada ya hapo alisema kwamba hawezi kulidhamini neno ambalo hana nguvu ya kulitimiza, na kwamba jina lake liondolewe. Abdijabar alisimama kwa ghadhabu akidai kwamba wazee wanatupa zahanati kwa sababu ya sentensi moja. Maka alimjibu kwamba kisu cha kuchinjia nacho ni kimoja tu, na koo hukatika. Mkataba bila mdhamini si mkataba, na Diriye hakuhitaji kupigisha kura. Warjiro ilibaki kama ilivyokuwa.

Wapo waliodhani mambo yameishia hapo, wakaanza kuokota viatu. Diriye aliokota bakora.

"Baraza halijafungwa," alisema. "Binti wa ndugu yangu alileta tuhuma mbili. Moja imesimama na imetuokoa. Ya pili imeanguka."

Mgeni alipofahamishwa, alitikisa kichwa akasema kwamba amesamehe, na kwamba angependelea jambo hilo lisahauliwe. Alijibiwa kwa heshima kwamba msamaha wake umepokelewa, ila sheria haikumuuliza yeye. Mjomba wa Ruweyda, kaka wa mama yake, aliyekuwa ameketi kwa wanaume, alisema atatoa mtamba kutoka zizini kwake, kwa kuwa msichana amewafaa watu wote. Ruweyda akakataa. Kinywa kilichosema kilikuwa chake.

Alikuwa na ng'ombe watatu tu katika kundi la ami yake. Alikwenda zizini mwenyewe huku jua likianza kuinama. Mmoja alikuwa mkongwe, wa pili akichechemea tangu ukame uliopita, na wa tatu alikuwa mtamba mwekundu, mwenye nundu iliyojaa, aliyepandwa mwezi mmoja nyuma. Sheria ilitaja mtamba tu; haikutaja nundu wala mimba, na angeweza kubadilishana na jirani apate aliyekonda. Akamfunga kamba yule mwekundu.

Alimwongoza hadi mbele ya banda, watu wakampisha. Diriye alimkagua meno, macho na kwato, polepole, kama ambavyo angemkagua ng'ombe wa mtu asiyemjua. Kisha Ruweyda akamwendea mgeni, akasema kwa Kiingereza na kwa Kisomali kwamba alimzulia jambo ambalo hakulitenda, na akampa kamba.

"Amelipa?" Diriye aliwauliza watu.

"Amelipa," wakajibu, wanaume na wanawake, na mwadhini akaanza kuita sala ya alasiri.