Alikokuwa Bekhit Miwa Ilipoungua

Miwa ya jirani yetu Garhi iliungua Ijumaa alasiri, na kabla jua halijazama polisi walikuwa wamekwisha kumchukua mume wangu. Garhi aliapa kwamba alimwona Bekhit akitoka mpakani, moshi ukiwa nyuma yake. Kijiji kiliamini upesi, kwa kuwa wawili hao walikuwa wakigombania maji ya mfereji tangu baba mkwe akiwa hai.

Nilimpelekea mkate na jibini kituoni.

"Baba Rizki, ulikuwa wapi alasiri ile?"

"Nilikuwa nimetoka."

"Kwenda wapi?"

"Shafika, rudi nyumbani ukamkamue nyati wetu wa maziwa."

Nikajua anaficha kitu, na mawazo yangu yakaenda kwa mwanamke. Sikukosea, ila mwanamke mwenyewe alikuwa dada yake.

Wifi yangu Wadida, mjane, alikuwa amemshtaki Bekhit akidai fungu lake katika shamba la baba yao. Kwetu huku Saidi, kusini mwa Misri, dada hapewi ardhi. Hupelekewa zawadi za sikukuu, akaridhika au akanyamaza. Wadida hakunyamaza. Bekhit akapiga marufuku jina lake lisitajwe nyumbani, nami nikawa nachepuka njia nisikutane naye, ingawa ndiye aliyenizalisha mtoto wangu wa kwanza.

Sasa sikuwa na pa kwenda isipokuwa kwake. Nilimkuta anakanda unga.

"Kumbe hajawaambia?" aliniuliza.

"Hajatuambia nini?"

"Alikuwa hapa. Amesimama hapohapo uliposimama, anapiga kelele kwamba nisipoiondoa kesi atanivunja miguu. Moshi tuliuona wote wawili kutoka mlangoni hapa. Ndipo alipofunga mdomo, akakimbilia shambani."

"Mbona hasemi, wifi?"

"Aseme nini? Kwamba alikuja kumtisha mjane?"

Sikuthubutu kumwomba. Alinawa mikono, akasema, "Nipe lile baibui hapo msumarini."

Mbele ya mwendesha mashtaka hakupunguza neno wala hakuongeza. Alieleza matusi, vitisho na moshi. Bekhit, pingu mkononi, alikuwa ameinamisha kichwa kama mtoto aliyejikojolea. Yule bwana akamuuliza Wadida kama anataka kumshtaki kwa vitisho vile pia.

"Hapana," alisema. "Hayo nitamalizana naye mwenyewe."

Walimwachia siku iliyofuata. Tulirudi sote watatu nyuma ya pikapu, tumekaa juu ya magunia ya mbolea. Bekhit akakohoa.

"Mungu akulipe, dada. Basi na ile kesi tuiache, si tumeshapatana?"

"Nani kakwambia tumepatana?"

"Si umenitoa ndani?"

"Nimesema kweli, ndiyo maana umetoka. Na ninachodai nacho ni kweli. Kesi iko palepale."

"Watu watanicheka, Wadida."

"Na mimi wananicheka. Tutachekwa wote."

Nilijifanya naangalia barabara.

Siku ya kesi ilipofika, wakili alikuwa amekwisha kumfundisha Bekhit aseme kwamba baba yao alimuuzia shamba lote kabla ya kufa. Hakimu akamuuliza. Wakili akamgusa kiwiko, naye Bekhit akakivuta. Halafu akasema, "Hakuniuzia. Dada ana fungu lake."

Nilimuuliza njiani nini kilichombadilisha.

"Angeweza kukaa nyumbani kwake akanyamaza tu," alisema. "Ningefungwa, na kesi angeishinda bila taabu. Nimelifikiria hilo kila siku."

Nani aliyechoma miwa ya Garhi hatujui hadi leo. Wengine husema ni kipande cha sigara. Garhi hakuja kuomba radhi, ila siku hizi anasalimia kwanza. Binamu zake Bekhit ndio walioacha kumsalimia. Wanasema amewafungulia mlango dada zao wote. Wawili kati ya hao dada wamekwisha kwenda kwa Wadida kumuuliza jina la wakili wake.

Shamba lilipopimwa, Wadida alichukua upande wa mfereji, ulio bora, na Bekhit alinung'unika wiki nzima. Bado hajakanyaga tena kwake. Mimi hupita kila asubuhi, kweupe, tukanywa chai kwenye kizingiti. Nikirudi, Bekhit huniuliza, kama mtu asiyejali, "Miwa yake imeotaje?"

Namwambia imeota vizuri.