Mdakaji wa Mwaka Themanini na Nane

Mimi ni fundi gari. Nikikwambia giaboksi yako imekufa, ujue imekufa, sipambi maneno. Wapo wateja walionikimbia kwa sababu hiyo. Ndiyo maana mpaka leo sijielewi: asubuhi ile Hisham aliponiuliza nimemaliza chuo mwaka gani, nilimjibu, "Themanini na tisa," na mimi shule niliiacha nina miaka kumi na mitatu.

Yote yalianza na stika. Binti yangu Raghad alipata nafasi ya serikali kwenda Marekani kusoma uhandisi, katika chuo kinachoitwa Tolliver, kwenye mji mdogo wenye baridi ya kuvunja mifupa. Miaka minne nilimpigia simu kila Jumapili. Baada ya "Umekula?" na "Baridi inaendeleaje?" tulikuwa hatuna la kusema. Nikasikia chuo chake kina timu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kushika kwa mikono, mpira wenyewe una umbo la tende. Nikaanza kuangalia ili nipate la kumuuliza. Yeye alikuwa akinijibu, "Ndiyo Baba, mchezo ulikuwa mzuri sana," na mimi nikazidi kuangalia. Aliporudi nyumbani na shahada yake, nilikuwa nimeshapitia mechi za miaka arobaini kwenye simu, na nayajua majina ya wadakaji wa timu ile kuliko majina ya watoto wa ndugu zangu.

Mdakaji ni yule anayekimbia pembeni ya uwanja kama anafukuzwa na mbwa, mwenzake anamrushia mpira kutoka mbali, na yeye anaudaka. Timu ina wachezaji wengine chungu nzima wenye kazi ambazo sijazielewa mpaka leo. Huyu nilimwelewa siku ya kwanza. Mpira unakuja, unaushika au unauangusha, na hakuna wa kumdanganya.

Raghad aliniletea stika ya timu, nyigu mweusi aliyevaa fulana ya manjano. Nikaibandika kwenye mlango wa gereji yangu, mtaa wa Ghala, Maskati. Siku moja ikaingia Landkruza iliyokwisha klachi. Mwenyewe, Hisham, akashuka, mstaafu wa wizara, kanzu nyeupe pee. Akaiona stika, akanikumbatia hivyo hivyo na grisi yangu.

"Tolliver," akasema. "Ndugu yangu, mwaka gani?"

Nina miaka thelathini na zaidi natengeneza klachi, na hakuna aliyewahi kunikumbatia kwa klachi. Nikamjibu nilivyomjibu. Themanini na tisa niliitoa kwa sababu ya Lonnie Pruitt, mdakaji wangu, aliyecheza msimu wake wa mwisho mwaka themanini na nane. Mwaka huo mimi nilikuwa chini ya Datsun, mtaa wa Darsait, kwenye gereji ya mjomba wangu.

Shule ilinishinda mapema. Tulikuja Maskati kutoka Unguja nikiwa na miaka tisa, sijui Kiarabu hata cha kuombea maji. Wakaniweka darasa la kwanza pamoja na watoto wa miaka sita, magoti yamenifika kidevuni. Miaka minne nilivumilia, kisha nikaenda kwa mjomba kufungua nati. Nati haikuulizi unasema lugha gani.

Basi Hisham akawaleta wenziwe wawili: Ghanim, kijana wa benki, aliyemaliza Tolliver elfu mbili na kumi na mbili, na Bader wa pale Bandari ya Sultan Qaboos, aliyemaliza miaka michache baada yake. Mechi za Jumamosi usiku kule ni Jumapili alfajiri kwetu. Wakitoka msikitini wanakuja moja kwa moja gereji, nimeshawasha televisheni, chai ya karak imechemka, na mke wangu Zakiya kanipa bakuli la vitumbua. Saa moja u nusu kila mtu anakwenda zake. Misimu mitatu tulikaa hivyo, na sijapata kuwa na misimu mizuri kama ile.

Ila uongo unataka matunzo kama gari bovu. Walipouliza juu ya wanangu, nikasema binti yangu kasoma Uingereza. Ilinibidi. Ningesema Tolliver wangetaka kumjua, na Raghad angenicheka mbele yao. Hivyo binti wa watu kakaa miaka minne kwenye theluji kuitafuta shahada, na babake kampokonya kwa sentensi moja ili yeye abaki na yake ya bandia.

Mwaka huu timu imetimiza miaka mia. Chuo kikawaandikia wahitimu wake wote walioko nje: kila nchi ichague mdakaji bora wa historia nzima, ijaze fomu, kila mpiga kura aandike jina, mwaka na nambari yake ya mwanafunzi. Mwisho Jumapili saa sita mchana. Ghanim akaichapisha fomu benki akaja nayo Jumapili yenyewe alfajiri, kwenye bahasha, kama hati ya nyumba.

Wagombea walikuwa wawili. Mimi na Hisham tulisimama na Pruitt. Ghanim na Bader walikuwa na kijana wao, Dallas Whitcomb, wa elfu mbili na kumi na moja. Na sisi tuna kanuni kwamba kura zikilingana, ya mwenyekiti inahesabiwa mara mbili. Mwenyekiti ni Hisham. Amekaa wizarani miaka mingi mno, hawezi kukalia kiti bila ya kuwa mwenyekiti. Kwa hiyo Pruitt alikuwa ameshashinda, na Ghanim alilijua hilo.

"Whitcomb kadaka mipira mia mbili na kumi na moja," akaanza Ghanim. "Pruitt wenu mia moja na arobaini. Hesabu haina ami wala mjomba."

"Whitcomb alikuwa akirushiwa mipira kama peremende," nikamwambia. "Pruitt mrushaji wake alikuwa kipofu. Ungempa Whitcomb mrushaji yule, angerudi kwao kulima."

"Ami Thani, Whitcomb alidaka na mbavu imevunjika."

"Mbavu haidaki mpira. Ungeniambia kidole kimevunjika ningekusikiliza."

Bader akacheka mpaka akamwaga chai. Bader ni wa upande wa Ghanim, lakini hucheka upande wowote.

"Haya," Ghanim akasema. "Kabla hatujaandika. Ami, nambari yako ya mwanafunzi umeikumbuka?"

"Miaka thelathini na kitu imepita, mwanangu. Nambari ya simu yangu mwenyewe naitazama."

"Si taabu. Nipe jina kamili, nnawaandikia chuo sasa hivi, wana mtu wa kujibu saa zote."

Hapo jasho likanitoka na kiyoyozi kinaunguruma. Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikaona njia ya kumsahaulisha nambari ni kuwasimulia tena lile daka la Novemba themanini na nane, ambalo nimeshawasimulia mara ishirini.

"Nambari ya nini," nikasema, "na mimi nilikuwapo pale? Theluji mpaka kwenye vifundo vya miguu. Tumejipanga wanafunzi, tumekumbatiana kwa baridi. Mrushaji kautupa mpira hovyo, juu kabisa. Pruitt anatoka kushoto, anakwenda kulia, kiatu kimoja kimemvuka kimebaki kwenye theluji, na yeye anakwenda na soksi. Anaruka, mkono mmoja. Kulia, pembeni kabisa ya mstari. Mbele ya macho yangu."

Ghanim akaweka kikombe chini pole pole.

"Kushoto kwenda kulia," akasema.

"Kushoto kwenda kulia. Kama nnakuona wewe."

"Na ulikuwa umekaa na wanafunzi."

"Katikati yao."

"Ami, wanafunzi wanakaa upande wa mashariki. Kamera ziko magharibi. Mimi nimekaa pale miaka minne, kila nikirudi bwenini kuangalia marudio, mchezo wote umegeuka. Kwenye televisheni Pruitt anakwenda kulia. Aliyekaa na wanafunzi kamwona anakwenda kushoto."

Bader akaacha kucheka. Mimi nikatazama ukutani, kwenye kalenda ya wauza mafuta ya injini.

Nimewahi kumwambia mtu gari lake la mkopo ni chuma chakavu, na mkopo bado miaka mitano. Nimemwambia machoni. Lakini asubuhi ile nilifungua mdomo, na kilichotoka ni hiki: "Nilikuwa nimekwenda upande wa pili kununua chai."

"Dakika ya mwisho ya mechi?" Ghanim akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. Na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi.

Nikaiangalia ile fomu. Mistari minne, na wangu ni wa pili. Ningeweza kuendelea. Ningempa jina kamili, chuo kingejibu hakinijui, ningesema ofisi yao imepoteza faili, ningesema faili limeungua. Nilishakuwa na majibu mawili zaidi yamejipanga. Nikajiona kama yule fundi anayekwambia pedi za breki zimeisha wakati ni mpya.

"Sikusoma Tolliver," nikasema. "Sikusoma popote. Themanini na nane nilikuwa Darsait chini ya Datsun. Pruitt nimemwona kwenye simu."

Ghanim akaivuta fomu upande wake.

"Nnajua," Hisham akasema, akichukua kitumbua. "Nilifika pale mwaka tisini. Ofisi ya wageni ikanifanyia karamu ya keki, mwanafunzi wa kwanza kutoka Oman. Picha yangu iko gazetini."

"Ulijua tangu siku ya klachi?"

"Tangu siku ya klachi."

"Na ukaninyamazia misimu mitatu?"

"Bwana Thani, nani mwengine Ghala nzima atanifungulia mlango saa kumi na moja alfajiri, anipe vitumbua, halafu abishane na mimi? Nyumbani nikisema neno la mpira wanatoka chumbani." Akapangusa vidole. "Lakini fomu ni fomu. Kura huna."

Basi wapiga kura wakabaki watatu, na Pruitt anapoteza mbili kwa moja. Ningeishia hapo ningekuwa nimesema kweli nusu, na nusu ndiyo nishaizoea.

"Liko jengine," nikasema. "Binti yangu hakusoma Uingereza. Ni mhitimu wa Tolliver, wa juzi juzi. Stika ni yake. Kura ni yake."

Ghanim akanitazama kama mtu aliyeambiwa gari lake lina injini mbili. "Umemficha mhitimu ndani ya nyumba?"

"Mpigie," Hisham akasema.

Sitaki kukudanganya tena: aibu ilinijaa, lakini akili yangu ya kishabiki ilikuwa ishapiga hesabu. Raghad akimpa Pruitt, ni mbili kwa mbili, ya mwenyekiti inahesabiwa mara mbili, Pruitt bingwa. Nimemlea mwenyewe, nimemlisha. Atampa nani?

Nikampigia, nikamweleza yote mbele ya watu, maana nikitoka nje ningeanza kupunguza. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Umewaambia nimesoma Uingereza," akasema.

"Ndiyo."

"Miaka mitatu."

"Ndiyo, mama."

Akakata. Baada ya robo saa gari lake likaingia gereji. Alikuwa amevaa tayari kwa kazi, kitambulisho cha kampuni shingoni. Akawaamkia, akavuta kiti changu, akakaa, na mimi nikabaki nimesimama kama mteja. Akachukua kalamu akaandika jina, mwaka, na nambari ya mwanafunzi, tarakimu nane, bila ya kutazama popote. Sijui kwa nini nambari ile ndiyo iliyonichoma. Nilikuwa nimejifunza wadakaji wa miaka arobaini, na sikuwahi kumuuliza mwanangu nambari yake.

"Kabla sijapiga," akasema, "na mimi nna langu. Baba, ule mpira nilikwenda mara moja tu. Nikatoka nusu ya mchezo, vidole vimekufa ganzi. Sijui hata unachezwaje."

"Kila Jumapili ulikuwa ukiniambia mchezo ulikuwa mzuri."

"Ulikuwa ukiuliza kwa furaha sana. Nilikuwa nnasoma matokeo dakika tano kabla hujapiga."

Bader akageuka ukutani, mabega yanamtikisika. Yaani mimi nimeingia mpira ule kwa ajili yake, na yeye kaingia kwa ajili yangu, na hapakuwa na mtu aliyeutaka.

"Haya, wagombea ni nani?" akauliza.

Hisham akamsomea majina mawili, kwa sauti ya mwenyekiti. Mimi nikakohoa kidogo niliposikia la Pruitt. Kikohozi tu.

"Baba anamtaka yupi?"

"Pruitt," wakajibu wote watatu.

"Na mwengine anaitwaje? Nitajie herufi."

Ghanim akamtajia, herufi moja moja, uso unang'aa kama kapewa mshahara. Raghad akaandika Whitcomb kwa mwandiko mzuri kabisa, kisha akanirudishia kalamu.

"Hapa chini wameacha wazi," akasema. "Mahali pa mkutano. Hiyo waweza kujaza wewe, na ni kweli."

Nikaandika: Gereji ya Thani, Ghala, Maskati. Mkono wangu una grisi hata ukioshwa, na alama ya dole gumba ikabaki kwenye karatasi. Ghanim akasema hakuna neno, akaipiga picha hivyo hivyo akaituma.

Jumapili iliyofuata walikuja kama kawaida, na Raghad akakichukua tena kiti changu. Hajui kitu bado, ananiuliza kwa nini wachezaji wanasimama kila baada ya sekunde tano. Namweleza. Sijui vizuri na mimi. Picha ya Whitcomb wameining'iniza juu ya pipa la oili chafu. Hapo nilipachagua mimi, na hakuna aliyepinga.