Mita Moja na Nusu

Skrubu ya tano iliteleza kutoka kwenye kibano, ikagonga ukingo wa sinia, ikarukia sakafuni. Ilikuwa ndogo kuliko punje ya ulezi, na sakafu yenyewe ya udongo ilikuwa na nyufa za kumeza hata shilingi. Valerian akapiga magoti, shavu karibu liguse chini, jicho moja kalifumba.

"Usifagie!" akafoka.

"Nani anafagia?" Paskalia, mkewe, alimjibu kutoka kibarazani bila kuusimamisha mguu kwenye cherehani. "Ufagio uko jikoni, mimi niko hapa. Labda unafagia wewe kwa ndevu zako, Baba Coletha."

Hakucheka. Tangu asubuhi ya Alhamisi ile hakuwa na kicheko cha kumgawia mtu. Mezani, juu ya khanga kuukuu, kamera yake ililala imefunuliwa tumbo, na kila alipotatua dogo likazuka kubwa. Pazia la ndani, kile kitambaa cheusi kinachofunguka na kujifunga picha inapopigwa, lilikuwa limekauka. Likienda mara moja, linakwama mara mbili. Dirisha la kuchungulia nalo lilikuwa na ukungu kama maji ya kuoshea mchele. Na Jumamosi saa nne gari la masista lingefika Ushirombo kumchukua Coletha.

Hilo ndilo lililomkaba. Coletha, mtoto wao wa pekee, alikuwa nyumbani kwa wiki mbili za kuaga. Akirudi kwenye nyumba ya watawa angevishwa shela na kupewa jina jipya, na lile la ubatizo lingebaki kwenye daftari la parokia. Valerian alitaka picha moja tu ya binti yake angali Coletha, na nywele zake, na gauni la maua aliloshonewa na mama yake. Miaka kumi na minne alikuwa amewapiga watu picha za harusi na za kipaimara, kuanzia Ushirombo hadi Segese, lakini ukutani kwake hapakuwa na picha ya mwanawe tangu alipokuwa hana meno. Mganga hajigangi.

Kamera aliinunua kwa bruda mmoja Mzungu aliyekuwa akirejea kwao, na ilikuwa na ujanja wake. Ukichungulia, mtu mmoja unamwona wawili: mmoja kamili, na pembeni yake kivuli chepesi cha manjano. Unaizungusha lenzi polepole, kivuli kinasogea, kinasogea, mpaka kinamwingia mwenziwe. Hapo ndipo unapopiga, na picha inatoka kali. Yule kamili Valerian alimwita Kulwa na kivuli Doto, kama pacha wanavyoitwa nchi ile. "Tulieni kwanza," alizoea kuwaambia maharusi wake, "Doto hajafika." Maharusi walicheka, na picha zikatoka na watu wenye nyuso za furaha.

Sasa Doto alikuwa amefifia, haonekani ila kwa kubahatisha.

Coletha alitokea uani amebeba ungo wa choroko. "Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Akangoja kidogo. Baba yake akarudisha jicho sakafuni. Coletha akainama, akaiokota skrubu kando ya mguu wa meza, akaiweka kwenye sinia na kwenda zake.

Hivyo ndivyo walivyokuwa wakiishi tangu Krismasi. Siku Coletha alipoeleza nia yake, Valerian alimwambia, "Fanya utakavyo," na baada ya hapo hakumpa neno jingine zaidi ya marahaba. Na huyu ni mtu aliyesimama kwenye kwaya kila Jumapili akiombea miito mitakatifu! Aliomba kwa moyo wake wote, ila alidhani Mungu angewachukua mabinti wa watu wengine. Hasira aliijua, na sababu zake alizijua: ukoo umekatika, mjukuu hatamwona. Lakini kulikuwa na moja aliyoona haya kuitamka hata mbele ya padre. Tangu binti yule azaliwe, hakuna aliyemwita Valerian isipokuwa makarani. Sokoni, kanisani, shambani, yeye ni Baba Coletha. Je, Coletha akishakuwa Sista Nanihii, yeye atakuwa baba wa nani?

Alichungulia tena tumboni mwa kamera. Nyuma ya dirisha kulisimama kioo mshazari, kidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, chenye utando wa manjano. "Aa! Kumbe adui ni wewe," akasema kwa sauti. Akachovya pamba kwenye spiriti aliyoiomba zahanati, akasugua. Uchafu ulitoka kwa urahisi wa kutia shaka, lakini mwenye hasira hana nafasi ya shaka. Kioo kikatakata, kikawa cheupe kabisa. Akafunga skrubu zote tano, akamlenga Paskalia kibarazani.

Akamwona safi, hadi uzi alioubana midomoni. Akazungusha lenzi kulia. Akazungusha kushoto. Paskalia alibaki mmoja vilevile. Doto alikuwa ametoweka.

Ijumaa alikuja Donatus, jirani yao mchimbaji, aliyerudi kutoka machimbo ya Rwamgasa na homa badala ya mali. Alimkuta Valerian ameifungua kamera kwa mara ya nne, macho mekundu, hajagusa chai. Donatus hakuitazama kamera. Aliitazama pamba iliyotupwa pembeni, akaiokota na kuigeuza juani.

"Baba Coletha, hapa umefuta nini?"

"Kutu."

"Kutu!" Donatus akaketi ili acheke vizuri. "Kutu ya wapi inameremeta hivi? Hii ni dhahabu, bwana. Nyembamba kuliko pumzi, lakini dhahabu. Sisi tunabomoa mlima kuitafuta, wewe unaiosha kwa spiriti!"

Valerian alimnyang'anya pamba ile. Ujanani mwake alikuwa amefanya kazi miaka saba kwenye mgodi wa Geita, kabla haujafungwa, akiosha mchanga kutwa nzima. Chembe ya manjano aliitambua hata kwenye tope. Na sasa ameifuta kwa mkono wake mwenyewe, akiiita uchafu. Ule umanjano wa Doto, miaka yote hiyo, ulikuwa huu.

"Nipe basi nikaichome, nione inaacha nini," Donatus alisema.

"Toka hapa!"

Donatus akatoka, bado anacheka. Valerian akaikamata kamera kwa mikono miwili, akainyanyua juu ya kichwa. Angeibamiza ukutani, wallahi angeibamiza, kama Paskalia hangemshika kifundo cha mkono.

"Haya, ivunje," alisema Paskalia kwa upole uliokuwa mbaya kuliko kelele. "Ivunje, kesho useme Coletha ndiye aliyekuvunja wewe. Hasira hizi si za kamera, Baba Coletha."

Mikono ikashuka. Valerian akakaa, pumzi zikimwenda mbio.

"Huyo Doto wako kazi yake ilikuwa nini?" Paskalia aliuliza.

"Kunionyesha mtu yuko umbali gani."

"Hiyo tu?" Akaivua shingoni futi yake ya kupimia nguo, akaitandaza mezani. "Mimi watu nawapima kila siku na kioo sina."

Valerian aliitazama futi ile kwa chuki. Mwanzo hadi mwisho ilikuwa mita moja na nusu. Kwenye pete ya lenzi, kati ya namba alizozizungusha miaka yote bila kuzisoma, palikuwa na moja na nusu.

"Sasa utanipimia picha kama sketi?"

"Sketi zangu hazijawahi kutoka na ukungu."

Jumamosi saa tatu na nusu alimsimamisha Coletha mbele ya mlango wa nyumba, kwenye kivuli. Filamu alikuwa ameitia, pete ya lenzi ameiweka kwenye moja na nusu, pazia amelipaka mafuta ya cherehani kwa ncha ya unyoya. Katika majaribio kumi lilimtii mara nne. Akashika mwanzo wa futi kwenye kamera, akampa binti yake mwisho wake.

"Weka hapo kando ya jicho. Vuta, isilegee."

Miezi yote ile hawakuwahi kuwa karibu namna hiyo. Akaliona kovu la tetekuwanga juu ya nyusi, akamkumbuka alivyokuwa akilia usiku na kung'ang'ania kidole chake. Akajikaza.

"Utaniandikia barua, baba?"

"Nimwandikie nani? Jina silijui."

"Hata mimi sijaambiwa bado," Coletha alisema. "Anza na jina lolote. Lakini andika."

Valerian akaiachia futi ikaanguka. "Usisogee hata kidole. Ukisogea, imeharibika."

"Sisogei."

Akachungulia. Coletha mmoja tu, peke yake, macho chini. Alipokuwa akimngoja ainue uso, honi ya gari ikalia barabarani. Coletha akageuka kulitazama, na baba yake akaona kwamba anaipoteza picha, anapoteza kila kitu.

"Coletha!"

Alikusudia kufoka, kama mpiga picha anavyomfokea mtu asiyetulia. Sauti iliyotoka haikuwa ile. Jina lile halikuwa limepita midomoni mwake tangu Krismasi, na lilipopita lilivuta mengine nyuma yake. "Coletha, mwanangu. Coletha wangu."

Kidole kikabonyeza. Pazia likafunguka kwa uvivu, likajikokota, likafunga. Kabla hajaishusha kamera, binti yake alikuwa kifuani pake analia, na bati la kamera limewabana mbavu wote wawili. Wala hakukumbuka kumsukuma arudi mahali pake. Baadaye, masista wakisubiri na injini inanguruma, alijaribu kupiga ya pili. Pazia lilikwama, na halikufunguka tena siku hiyo wala nyingine.

Filamu ilipelekwa Shinyanga kuoshwa. Ilikaa wiki sita ndipo Cornel, utingo wa basi, alipoileta bahasha. Ndani mlikuwa na picha moja.

Mlango ulitoka mkali ajabu. Misumari ungeweza kuihesabu, na namba ya chaki waliyoiandika watu wa sensa mwaka uliopita ilisomeka yote. Mbele ya mlango, pale alipopaswa kuwa Coletha, palikuwa na wingu la maua na mikono miwili iliyonyooshwa. Uso haukuwapo.

"Maskini," Paskalia akasema, akajifuta macho kwa upindo wa khanga. "Imeharibika."

Picha za namna hiyo Valerian alizoea kuzichana mbele ya wateja, akawarudishia fedha zao, akakasirika siku nzima. Hii aliitazama mpaka chai ikapoa. Kisha akaomba nyundo.

Mtu wa kwanza kuiona ukutani alikuwa Serafina wa kwaya, aliyefuata sketi yake. Aliisogelea, akarudi nyuma, akainamisha kichwa upande huu na upande ule.

"Huyu ni nani? Mbona hana sura?"

"Coletha."

"Hee! Alitikisika?"

"Hapana," Valerian alisema. "Alikuwa anakuja."