Bodi Iliyobaki Rukala

Baada ya mafuriko ya Aprili, nyumba kumi na moja za upande wa mto pale Rukala zilibaki na mtu mmoja tu. Wengine walifungasha wakaenda kwa jamaa zao kwenye mwinuko. Aliyebaki ni Leonida, mjane wa miaka sitini na mbili, aliyestaafu kazi ya kutunza maabara katika shule ya sekondari ya wasichana. Mumewe, Methuselah, alizikwa pale uani, naye hakuona namna ya kumwacha peke yake.

Binti yake Brendah, aliyeolewa Kampala, alimpigia simu kila Jumapili na kumaliza kwa swali lile lile: "Mama, maji yakija utajuaje?"

Zamani walijua kwa kelele. Aliyeona maji kwanza alipiga ukemi, jirani akaupokea, ukaenda nyumba hadi nyumba. Sasa hapakuwa na wa kupiga wala wa kupokea. Leonida akafikiri, akakumbuka vile vibodi vya elektroniki ambavyo wasichana wa klabu ya sayansi walikuwa wakiviunganisha mezani kwake. Akaenda Busia mjini, kwenye duka la Yasin, muuza vipuri vya redio na simu.

"Bodi ni hii, mama," Yasin akasema, akaiweka kwenye kiganja cha Leonida. Ilikuwa nyeusi, haizidi kibiriti, na pini zimejipanga safu mbili kama meno ya kitana. "Hii ya bati katikati ndio ubongo. Hapa unachomeka waya ya kompyuta. Vitufe ni viwili: hiki cha kuianzisha upya, hiki kimeandikwa BOOT, unakifinya ukiingiza programu. Pini zake zinataka volti tatu nukta tatu. Hapo usisahau."

"Na ya kupima maji?"

"Hii yenye macho mawili. Inatoa sauti husikii, inagonga maji, inarudi. Bodi inahesabu imechukua muda gani."

"Kama popo."

"Kama popo, mama. Na hiki kidude kingine ndio unaweka laini ya simu, kitume meseji. Lakini nani atakuunganishia?"

"Mimi," Leonida akasema. Yasin akamtazama kidogo, kisha akamfungia vitu vyake kwenye gazeti.

Nyumbani alifungua laptopu kuukuu ya Brendah, akachomeka bodi. Taa nyekundu ikawaka, lakini kompyuta haikuiona. Alihangaika siku mbili, akijiona mzee asiyejua kitu. Siku ya tatu akampigia Yasin.

"Mama, hiyo waya umetumia ni ya nini?"

"Ya simu yangu."

"Hiyo ni ya kuchaji tu. Inapitisha stima, haipitishi data. Tafuta ingine."

Leonida akacheka kwa sauti. Kicheko kikagonga mabati, kikamrudia. Hakukumbuka alicheka lini mara ya mwisho mle ndani.

Kwa waya nyingine, kompyuta iliitambua bodi mara moja. Akafinya kile kitufe cha BOOT mpaka programu ikaingia, akaachia. Taa ya buluu ikaanza kuwaka na kuzimika, sekunde kwa sekunde, kama alivyoiamuru. "Ona!" akasema, akageuka. Kiti cha pili kilikuwa kitupu.

Kesho yake akaiunguza. Kile kifaa cha kupima maji kilirudisha jibu kwa volti tano, naye akalipeleka moja kwa moja kwenye pini ya bodi. Lile bati likapata moto, taa ikafa. Miaka thelathini alikuwa akiwaonya wasichana juu ya jambo hilo hilo! Alirudi Busia kununua bodi nyingine, na safari hii akaweka rezista mbili za kuigawa volti kabla haijafika kwenye pini. Vyote akavitia katika mkebe wa plastiki wa mafuta ya kupikia, akatoboa matundu mawili ya yale macho, akaziba kandokando. Mkebe akaufunga juu ya bomba la chuma kwenye mfereji unaoleta maji ya mto, macho yakitazama chini, na kisola kidogo cha kuchaji betri juu yake.

Ilibaki kuandika kwenye programu nambari za kuarifiwa maji yakipanda hadi chini ya mita moja kutoka kwenye yale macho. Aliacha nafasi tano. Ya kwanza akaweka yake, ya pili ya Brendah. Ya tatu akampigia Amuge, aliyekuwa jirani yake miaka ishirini, sasa yuko Namboboto.

"Nani?"

"Leonida. Wa Rukala."

"Bado uko huko?"

"Niko. Nataka kuweka nambari yako, maji yakija upate meseji."

"Mimi nilishahama, Leonida. Meseji ya maji ya huko itanisaidia nini?"

"Haitakusaidia. Itanisaidia mimi."

"Weka," Amuge akasema.

Ya nne akaandika ya Yasin bila kumwuliza. Ya tano hakupata wa kumweka, akaifuta.

Maji yalikuja Alhamisi moja ya Novemba, saa nne asubuhi, jua likiwaka. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, huko juu mto unakotoka. Leonida alikuwa akipukuchua mahindi simu ilipolia: *Maji sentimita 96*. Baada ya dakika kumi: *81*. Akatia hati za shamba na picha ya Methuselah mkobani, akamfungua mbuzi wake. Alisimama kaburini, akaugusa msalaba. Simu ikalia tena. Ni Amuge.

"Umeona? Toka! Usirudie kitu!"

"Natoka."

"Usikate simu. Uko wapi?"

"Napita nyumba ya Egesa, penye mgomba."

"Sasa ni sitini na mbili. Tembea, Leonida."

Akatembea juu ya tuta la kuzuia mto, mbuzi nyuma, na Amuge akimsomea kila nambari iliyoingia, mpaka alipofika barabara kuu. Hapo salio la Amuge likaisha.

Alikaa kwenye dawati la shule ya msingi iliyowapokea waliokimbia maji, kati ya watu asiowajua. Meseji ziliendelea kuja kutoka kwenye bodi: *40. 22. 9*. Saa nane ikaja *3*. Baada ya hapo hakuna. Alijua bodi imezama, lakini hakuiweka simu chini mpaka jioni.

Wiki mbili baadaye alirudi. Ukuta mmoja ulikuwa umeanguka, bomba limepinda, na mkebe haupo. Kaburi lilifunikwa na tope mpaka msalabani. Leonida akaazima jembe kwa watu wa barabara kuu, akaliondoa lile tope polepole, peke yake, na hakuna mtu aliyepita.