Rafu ya Kikombe

Miaka tisa iliyopita mume wangu alitundika rafu sebuleni, juu ya televisheni, akasema ni ya kikombe cha ubingwa. Tangu siku hiyo imebeba chaja, miwani yake, dawa za mafua na saa iliyokwama saa nne. Nimeshindana kwenye mashua za tanga miaka ishirini na moja, na mara saba nimekuwa wa pili. Mashabiki wakanibatiza Nusura. Nilicheka nao, lakini iliniuma, nisiseme uongo.

Aliyenipokonya kikombe mara nyingi ni daktari wa meno, mwanamke wa rika langu, mpole sana kliniki, ila majini hana dogo. Mwaka huu goti langu liligoma, nikaambiwa msimu huu ndio wa mwisho. Asubuhi ya mbio za mwisho mimi na daktari tulilingana pointi. Nikaondoa vitu vyote kwenye rafu, nikafuta vumbi.

"Unamwandalia kiti mgeni ambaye hajapiga hata hodi," mume wangu akasema.

"Mgeni huyu nimemngoja mno. Shika hiyo saa."

Binti wa kaka yangu, anayeishi kwetu tangu aanze chuo, alikuwa mlangoni na begi lake. Naye alikuwa anashindana, wa tatu, nyuma yetu kwa pointi chache. Mimi ndiye niliyemfundisha, tangu fundo la kwanza.

"Shangazi, leo nikufuate wewe?"

"Ukinifuata utaona mgongo wangu tu. Tazama maji. Pale yalipokolea weusi ndipo penye upepo. Mimi usinitazame, hata nikikuita."

Honi ilipolia niliondoka vizuri, nikaongoza. Hapo ndipo nilipofanya ujinga wa wazoefu. Tanga lako likikaa kati ya mpinzani na upepo, lake linalegea na anabaki nyuma. Basi nikaacha kutazama maji, nikawa namtazama daktari. Akigeuka kushoto, nami kushoto. Akirudi kulia, nami huyo. Tukapelekana hivyo hadi pembeni kabisa mwa ziwa, mahali ambapo maji yalikuwa laini kama sinia. Matanga yote mawili yakalala.

"Utanifuata mpaka wapi, mwenzangu?" daktari akaniuliza. Tulikuwa karibu kiasi cha kupeana chumvi.

"Mpaka uchoke."

Akatazama nyuma yangu, akaanza kucheka. Nikageuka. Upande wa pili maji yalikuwa meusi kwa upepo, na mashua moja ilikuwa inazunguka boya la mwisho peke yake. Ilikuwa ya binti yetu. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Nilikasirika. Nilimkasirikia daktari, nikalikasirikia goti, nikajikasirikia mwenyewe zaidi. Halafu nikaona tanga la binti linatikisika pembeni, nikajikuta nimesimama, goti na yote, napiga kelele: "Kaza kamba, mwanangu! Kaza!" Akaikaza. Alipovuka mstari nilikuwa nalia kwa furaha, na daktari ananipa kitambaa chake. Yeye alimaliza wa tisa, mimi wa kumi. Hata huko nyuma kanitangulia.

Jioni binti aliingia sebuleni amekumbatia kikombe, macho chini, kama aliyevunja sahani.

"Shangazi, nilikusikia unaniita. Sikugeuka."

"Ungegeuka ningekuchapa."

"Lakini kamba niliikaza."

"Niliona."

Akasema atakiweka chumbani kwake. Nikamuuliza chumbani kuna nini, na rafu nimeifuta kwa mikono yangu asubuhi. Akapanda kwenye kiti, akakiweka. Kikaenea, hakikubakiza nafasi hata ya chaja.

Mume wangu akakitazama muda mrefu.

"Miaka yote tisa," akasema, "nilidhani labda niliipima vibaya."