Usiachie Mpaka Nikwambie

Breki ya pikipiki ya Bun-hiong ilijaa upepo, ukiibana inabonyea kama tofu, ile jibini laini ya soya. Dada yake, Siok-khim, fundi wa gereji waliyoachiwa na baba yao pale mjini Tainan, alichuchumaa kando ya gurudumu na spana yake. Tangu mazishi ya baba hawajasemezana ila kwa kufokeana.

"Pampu, kisha bana. Usiachie mpaka nikaze skrubu, nikwambie."

Bun-hiong akabana. Dada akalegeza skrubu, mafuta yakatoka na mapovu. Simu ikalia. Bun-hiong akaachia, upepo ukafyonzwa ndani tena.

"Mara ya tatu hii! Huna masikio?"

"Dada, usinipandishie sauti. Ni simu tu."

"Na hospitalini ilikuwa simu tu. Nilikwambia mshike baba mkono mpaka nirudi. Nikamkuta peke yake, ameshapoa."

Bun-hiong akapampu upya, akabana. Dada akatoa mapovu ya mwisho, akakaza skrubu, akaenda zake bila neno.

Simu ikalia tena mfukoni. Bun-hiong aliiacha ilie, vidole bado vimebana breki, akisubiri kuambiwa aachie.